Kununua Chakula bila Gari katika Miji ya Meru na Embu

Bei ya chakula mjini Meru au Embu ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ile anayotajiwa mnunuzi sokoni. Ya pili ni gharama ya kukifikisha chakula jikoni, nayo hulipwa kwa mgongo, kwa nauli, kwa ujira wa hamali, au kwa kumwachia mama mboga wa mtaani faida yake. Mwenye gari huisahau sehemu hii ya pili kwa sababu ameshailipa kwenye kituo cha petroli. Asiye na gari, na hao ndio wengi katika miji hii, huipigia hesabu kila anaposimama mbele ya fungu la viazi.

Miji yote miwili imekaa kwenye mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya, ambako mito inayoshuka kutoka msituni imeichana nchi kuwa migongo na mabonde. Kwenye ramani, soko na mtaa huonekana vimekaribiana. Anayetembea na kilo kumi na tano mkononi ndiye hugundua kwamba kati ya viwili hivyo kuna bonde. Kwenda sokoni na kiondo kitupu si kazi. Kazi iko kwenye kurudi, na kurudi ndiko kwenye mzigo.

Mlima huohuo ndio unaolifanya soko liwe na kila kitu. Sehemu za juu zenye baridi hutoa viazi, kabichi, karoti na chai. Katikati hukua kahawa, ndizi, mahindi na maharagwe. Chini kwenye joto, kule Mbeere na Tharaka, hutoka ndengu, kunde, mtama, mawele, maembe, asali na mbuzi. Meru na Embu zimekaa kati ya juu na chini, kwa hiyo kila upande huzipelekea mazao yake. Soko la Gakoromone mjini Meru hupata viazi kutoka Kibirichia na Timau, na ndizi kutoka Imenti Kusini, hasa pande za Nkubu, Kanyakine na Mitunguu. Embu iko karibu na mchele wa pishori wa Mwea na nyanya za Kirinyaga, ambazo nyingi hupitia soko la jumla la Kagio, huku Siakago, Kiritiri na Ishiara zikiiletea ndengu na maembe.

Mabadilishano haya ya mazao ya juu na ya chini ni makongwe kuliko miji yenyewe. Kabla Waingereza hawajafungua kituo chao Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908, jamii za mteremkoni na za nyandani zilikuwa tayari zina masoko ya mipakani, ambako ndizi na viazi vikuu vilibadilishwa kwa mbuzi, nafaka na asali. Wafanyabiashara wengi walikuwa wanawake, na chombo chao cha usafiri kilikuwa kiondo kilichobebwa mgongoni, ukanda wake ukipita juu ya paji la uso. Masoko hayakufanyika mahali pote siku moja. Yalipokezana, ili mchuuzi aliyekosa kuuza hapa leo aende pale kesho kutwa.

Kupokezana huko hakujaisha. Miji midogo ya kaunti hizi ina siku zake za soko hadi sasa, na kwa asiye na gari siku hiyo ina faida mbili. Mazao huwa mengi, hivyo bei hulegea, hasa jioni wachuuzi wanapoanza kufikiria nauli yao wenyewe ya kurudi. Pia magari ya kuelekea vijijini huwa mengi na yana nafasi ya mizigo. Anayekwenda siku ya kawaida hupata utulivu na fursa ya kuchagua, lakini huenda akasubiri steji saa nzima gari lijae.

Swali la kwanza la mnunuzi wa mjini, basi, si anunue nini bali anunue wapi: sokoni, au kwenye kibanda cha mama mboga kilicho hatua chache kutoka mlangoni. Chukua mfano wa kukadiria tu. Fungu la viazi ni shilingi 100 sokoni na 130 kibandani. Kurudi kwa bodaboda ni shilingi 100. Anayenunua fungu moja sokoni ameokoa shilingi 30 na kutumia 100, yaani amepata hasara ya 70 na kupoteza asubuhi yake. Anayenunua mafungu manne anabakiwa na shilingi 20. Anayenunua kumi anabakiwa na 200, lakini sasa ana viazi ambavyo visipohifadhiwa gizani vitaota au kugeuka kijani kabla havijaliwa. Ndiyo maana kusema kwamba maskini hununua kidogokidogo kwa bei ghali kwa kuwa hajui hesabu ni kutoijua hesabu yenyewe. Mara nyingi kibanda ni nafuu kwa sababu nauli ya fungu lile imeshagawanywa kati ya wateja arobaini.

Mama mboga pia huuza vitu ambavyo havionekani kwenye bei. Hukata sukuma wiki papo hapo, nyembamba kama mteja apendavyo. Huuza nusu kabichi, nyanya tatu, kitunguu kimoja na dania ya shilingi kumi. Huuza githeri iliyokwisha kuchemshwa, na hapo mnunuzi anaokoa si uzito wa mahindi na maharagwe tu bali saa kadhaa za makaa au gesi. Zaidi ya yote hukopesha. Jina la mteja huandikwa kwenye daftari, kwa kawaida jina la mtoto wake wa kwanza, Mama Kendi au Baba Njeru, na deni husubiri mwisho wa mwezi. Sokoni hakuna daftari la namna hiyo kwa mtu anayepita.

Soko hushinda pale ambapo chakula hakiharibiki upesi na hupimwa kwa wingi: maharagwe, ndengu, njahi, mahindi, mchele, vitunguu. Vingi vya vitu hivi huuzwa kwa gorogoro, mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili ambao umekuwa kipimo cha nchi nzima bila kupitishwa na ofisi yoyote. Gorogoro hupima ujazo, si uzito, kwa hiyo gorogoro ya maharagwe na ile ya ndengu hazitoshani kwenye mizani. Mnunuzi mzoefu huutazama mkebe kabla ya kuutazama mchuuzi. Kitako kikiwa kimebonyezwa kwenda ndani, kila kipimo kimepunguzwa konzi. Pia hudai kilele kijengwe hadi punje zianze kuporomoka. Baada ya hapo ndipo huomba nyongeza. Nyongeza ni desturi, na mchuuzi ameshaiweka kwenye bei, kwa hiyo asiyeiomba ameilipia bure.

Viazi vina mambo yake. Kwa miaka mingi gunia la viazi liliuzwa likiwa limeongezewa kofia: gunia hujazwa hadi mdomoni, kisha wavu hushonwa juu yake na kujazwa tena mpaka mzigo uwe mrefu kama mtu aliyevaa kilemba. Wafanyabiashara huliita lumbesa, au mkorino kwa kulinganishwa na vilemba vya waumini wa dhehebu la Akorino. Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia, kwa manufaa ya mkulima anayelipwa kwa gunia bila kujali kofia, na ya mpakiaji anayelibeba begani. Asiye na gari ana sababu yake ya kuipenda kanuni hiyo. Gunia la kilo 50 hukaa nyuma ya pikipiki. Lumbesa hudai mkokoteni. Hata hivyo kilo 50 ni nyingi kwa nyumba moja, na njia ya kawaida ni majirani wawili au watatu, au wanawake wa chama kimoja, kununua gunia pamoja, kulipa usafiri mmoja na kugawana mlangoni kwa ndoo.

Supamaketi ziko Meru na Embu, na hutumiwa kwa mambo maalumu: unga wa ofa, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni, karatasi za choo. Ofa nyingi hutolewa kwa beli, na beli ya unga wa mahindi ni pakiti kumi na mbili za kilo mbili, yaani kilo 24 ambazo hazina mpini wa kushikia. Punguzo la ofa hiyo hufaa tu likizidi nauli. Wengine huuepuka unga wa pakiti kabisa kwa kununua mahindi kwa gorogoro na kuyapeleka kwenye mashine ya kusaga iliyo mtaani, ambapo safari ndefu hufanywa mara moja na mahindi, nao unga hutoka karibu na nyumbani, kilo chache kwa wakati.

Chombo cha kubebea kilibadilika ghafla tarehe 28 Agosti 2017, Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Adhabu iliyowekwa ilikuwa nzito, faini ya shilingi milioni mbili hadi nne au kifungo. Hadi siku hiyo mnunuzi angeweza kutoka kazini mikono mitupu na kupewa karatasi ya nailoni kwa kila alichonunua. Baada yake, safari ya sokoni ilianza tena kupangwa asubuhi, maana aliyesahau mfuko hununua mwingine, na baada ya mwezi nyumba ina mifuko ishirini. Kiondo kilipata heshima yake upya. Kile cha katani hupumua, kwa hiyo mboga hazichemki ndani yake kama kwenye mfuko wa nailoni, na kamba zake ndefu huufanya mzigo ukae begani na kuacha mikono huru kwa simu na sarafu. Ubaya wake ni mvua. Katani ikilowa huwa nzito, na unga uliomo ndani hauna kinga.

Mpangilio ndani ya kiondo hufuata njia ya sokoni, na anayeujua huzunguka soko kwa utaratibu huo: kwanza viazi, vitunguu na nafaka, kisha karoti na ndizi, halafu mboga za majani, na mwisho nyanya na parachichi zilizoiva. Anayeanza na nyanya kwa sababu zimemvutia langoni hulazimika kuzibeba mkononi muda wote, au kuzifikisha zikiwa mchuzi.

Mzigo unapozidi nguvu za mtu, huingia mikono ya wengine. Karibu zaidi ni hamali wa sokoni, anayetoa gunia kwa mchuuzi na kulifikisha steji. Bei yake hupatanwa kabla ya gunia kuinuliwa, si baada. Mkokoteni hufaa pale wanunuzi kadhaa wanapoelekea upande mmoja, ila kwenye miinuko ya miji hii mwenye mkokoteni hutoza kulingana na mlima kuliko umbali, na ni haki yake.

Mfalme wa mizigo ya nyumbani ni bodaboda. Biashara hii ilianza kwa baiskeli kwenye mpaka wa Kenya na Uganda huko Busia, na iliingia kila kona ya nchi pikipiki za bei nafuu zilipofurika baada ya serikali kuzipunguzia kodi mwishoni mwa miaka ya 2000. Sheria huruhusu abiria mmoja tu, kwa hiyo mnunuzi mwenye gunia huwa na uamuzi: apande na mzigo, akiukumbatia au kuukalia, au autume peke yake na yeye afuate kwa miguu au matatu. Kuutuma huhitaji mwendeshaji anayefahamika, na ndiyo sababu kila nyumba ina namba ya kijana mmoja au wawili wa steji ya karibu.

Kufunga mzigo kwenye pikipiki ni ufundi. Kamba inayotumika hukatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu, kipande kirefu cha upana wa vidole viwili, chenye ndoano ya chuma au fundo kila ncha. Gunia hulazwa kwa upana juu ya karia, zito upande wa chini, na mpira huvutwa mpaka uzito wa gunia wenyewe uukaze. Mfuko wa mboga huning'inizwa mbele kwenye usukani, lakini upande mmoja tu ukijazwa pikipiki huvuta upande huo kwenye kona. Trei ya mayai haifungwi hata kidogo. Hubebwa na abiria mkononi, au huwekwa katikati yake na mwendeshaji, na mwendeshaji huambiwa mapema kwamba kuna mayai, kwa sababu mwendo wa mayai ni tofauti na mwendo wa viazi. Mtungi wa gesi wa kilo 13, ambao chuma na gesi yake kwa pamoja hupita kilo 25, husimamishwa wima na kufungwa kwenye shingo na kiunoni, kamwe haulazwi. Kwa mtungi wa kilo sita wengi hawatoki nyumbani: humpigia simu muuzaji, naye huuleta na kuchukua mtupu.

Kwa mwendo mrefu kuna matatu na magari madogo ya Probox, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa usafiri wa vijijini pande hizi. Kanuni za mwaka 2004, zilizobandikwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, zilileta mikanda, vidhibiti mwendo na idadi maalumu ya abiria, na tangu hapo konda huona gunia kama abiria asiyelipa mpaka alipiwe. Mzigo unaoingia chini ya kiti au mapajani kwa kawaida hausemwi. Unaokwenda kwenye buti hutozwa, na kiasi chake hutegemea saa. Asubuhi gari linaloingia mjini huwa limejaa mazao, na linalotoka huwa na nafasi. Jioni ni kinyume. Anayeweza kwenda sokoni saa nne asubuhi na kurudi kabla ya saa nane hupata buti tupu na konda mpole.

Misimu hubadilisha hesabu yote hii. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba hugeuza njia za udongo mwekundu kuwa utelezi, bodaboda hupandisha bei au hukataa baadhi ya miteremko, na kibanda cha karibu hushinda soko kwa wiki kadhaa. Baada ya mavuno, maharagwe yanaposhuka bei, ndipo familia hununua akiba ya miezi mitatu kwa safari moja. Maembe ya Mbeere yakiiva, wachuuzi huyaleta hadi mitaani wenyewe, na kwenda sokoni kwa ajili yake huwa ni kupoteza nauli.

Maziwa yana njia yake ya pekee, kwani hayangoji. Meru ni nchi ya ng'ombe wa maziwa, na muungano wa vyama vya ushirika wa maziwa wa Meru huuza yake kwa jina la Mount Kenya. Mitaani, hata hivyo, wengi hununua kwenye ATM ya maziwa, mashine inayopokea sarafu au tokeni na kumimina kiasi kinacholingana na pesa ndani ya chupa ya mteja mwenyewe. Hakuna pakiti ya kulipia, na anayehitaji kikombe kimoja cha chai hauziwi nusu lita.

Simu ndiyo iliyofupisha safari kuliko chombo chochote cha magurudumu. M-Pesa ilipoanzishwa na Safaricom Machi 2007, ilikuwa rahisi kulipia chakula bila kuwapo. Mteja aliyezoeana na mchuuzi wa Gakoromone hupiga simu, huulizia bei, hutuma pesa, na mchuuzi humkabidhi bodaboda mzigo. Imani hubeba sehemu kubwa ya biashara hii. Mchuuzi akituma nyanya zilizoanza kulainika mara moja, husamehewa. Mara ya pili namba yake haipigwi tena.

Mpango huohuo hufika Nairobi. Barabara ya kutoka Meru, kupitia Chuka na Embu hadi Nairobi, ina urefu wa zaidi ya kilomita 220, na karibu kila basi na matatu huondoka na chakula kinachokwenda kwa mwanafunzi, kwa binti aliyeolewa Kasarani, au kwa kaka anayeishi chumba kimoja Githurai. Hawa nao hawana gari. Mzigo hupelekwa steji alfajiri, mdomo wa gunia umeshonwa kwa uzi wa katani, jina na namba ya simu ya mpokeaji vimeandikwa kwa kalamu nene kwenye kipande cha katoni. Mtumaji hulipa mwanzoni, au huacha deni limsubiri mpokeaji, kisha hutuma ujumbe wenye namba ya gari na ya konda. Mpokeaji huupokea mzigo kwenye steji ya Tea Room au kwenye ofisi ya kampuni ya basi, na hapo hesabu huanza upya: mkokoteni hadi steji ya mtaa wake, nauli ya gunia kwenye matatu ya pili, pikipiki ya kumalizia. Ndiyo maana nyumbani huulizwa kwanza kama mtu yuko tayari kuupokea, kwani gunia la bure la viazi linaweza kumgharimu aliye Nairobi zaidi ya viazi vya wiki nzima vya kibandani kwake. Vinavyotumwa huchaguliwa kwa kuhimili safari. Ndizi hutumwa zikiwa mbichi, parachichi likiwa bado gumu, maharagwe na njahi wakati wowote. Mboga za majani hupakiwa kwenye gari la kwanza tu, kwa kuwa la mchana likikwama kwenye foleni ya Pangani, zitashushwa zimenyauka.